Manyasi walikunywa wawili, sindano anachomwa peke yake

Saa tatu asubuhi, jua la Muhuru Bay, kando ya Ziwa Victoria, limeshaanza kuchoma, na Caren anatandaza omena, dagaa wa ziwa hilo, juu ya wavu mkuukuu. Wenzake wamechuchumaa. Yeye leo hawezi. Amepiga magoti, mkono mmoja ukisambaza samaki, mwingine umeshika nyonga.

"Hii sindano si mchezo," anasema akikunja uso. "Dawa ni nzito. Inaingia polepole, halafu mguu yote inakuwa kama si yako."

Jana alichomwa ya pili kati ya tatu, moja kila wiki. Caren, ambalo si jina lake halisi, ana mimba ya miezi mitano. Kliniki walimpima damu wakamkuta na kaswende, ugonjwa wa zinaa ambao mama asipotibiwa humfikia mtoto tumboni, na wakati mwingine humuua kabla hajazaliwa.

Alipoambiwa hayo hakulia. Aliuliza swali moja tu: na yule wa kwanza je?

Wa kwanza alizaliwa mfu mwaka juzi, mimba ikiwa ya miezi minane. Wakati huo Caren hakwenda kliniki. Samaki walikuwa wengi, na kwa kibarua kinachomlipa kama shilingi mia nne siku ya jua kali, kukosa siku moja ni kulala njaa. Walimzika mtoto nyuma ya nyumba, karibu na migomba.

Wazee wa ukoo walisema ni chira, laana ya mtu aliyevunja mwiko. Mama mkwe wake, Roseline, akachemsha manyasi, dawa chungu ya miti shamba ya kuondoa laana hiyo. Manyasi hayanywewi na mtu mmoja. Mume na mke hunywa pamoja, kwa kibuyu kimoja.

Boaz, mumewe, hakubisha. "Alikunywa, akakunja uso, akanipatia," Caren anakumbuka. "Siku hiyo nilimpenda sana."

Sasa Boaz yuko kisiwa cha Mfangano, amefuata omena kwa mashua ya tajiri wake. Omena huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu kazi husimama, wavuvi wakarudi nyumbani. Mwezi mpevu uliopita Boaz alirudi, na Caren akamweleza kwamba muuguzi anamtaka naye apimwe na kuchomwa.

"Akaniuliza, 'Nyar Kosele, umeitoa wapi?'" anasema. Hapa anaitwa hivyo, binti wa Kosele, kwa sababu ndiko alikozaliwa. "Nikamwambia mimi sijui, na wewe pia hujui. Akasema yeye hana kidonda, haumwi mahali popote, hawezi kuchomwa kwa ugonjwa ya mwanamke. Kesho yake akaenda, na mwezi bado ni mkubwa."

Jedidah, muuguzi wa zahanati anakotibiwa Caren, ameyazoea maneno hayo na yamemchosha.

"Kidonda kinaweza kupotea chenyewe, lakini ugonjwa unabaki kwa damu," anasema. "Mama anamaliza dozi, mzee anarudi na samaki na ugonjwa, tunaanza upya. Na kuna siku tunaanza upya na dawa yenyewe imeisha."

Hata Boaz akikubali, pengine naye atahitaji sindano tatu, na mwezi mpevu haukai wiki tatu. Itabidi aiache mashua, na tajiri anaweza kumpa mtu mwingine nafasi yake.

Caren alijaribu kupitia kwa mama mkwe. Roseline alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatazama migomba.

"Nyathina," alimwambia, yaani mwanangu, "labda manyasi niliweka kidogo."

Caren anasimulia hayo bila hasira. Anageuza omena, anafukuza kuku, anasugua nyonga. Inasikitisha kumwona akijipangia peke yake jambo la watu wawili, lakini ameshalipanga. Wiki ijayo atachomwa sindano ya mwisho. Mwezi ukipevuka tena, Boaz atakuta chakula mezani na maji ya kuoga yamepashwa moto. Godoro la Caren halitakuwepo. Ameshalihamishia kwa jirani.

"Nimemwambia kwa simu. Atoke zahanati kwanza, ndiyo tuongee maneno ya kitanda."

Na akikataa?

Caren anaendelea kusambaza samaki.

"Arudi tu Mfangano," anasema. "Manyasi tulikunywa sisi wawili, na mtoto tukazika. Yule wa kwanza hakulia hata kidogo. Nilingoja, nilingoja, nyumba ikanyamaza tu. Huyu nataka alie mpaka majirani wachoke."