Mama Futi, Msomaji wa Kazi Zilizofungwa

Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Mama Futi, kwa sababu ya futi ya kupimia anayoivaa shingoni miaka ishirini na mbili sasa, hata akienda msibani. Yeye ni fundi wa sare: ovaroli, makoti ya wauguzi, mashati ya walinzi. Gauni la harusi hashoni. Anasema bibi harusi hubadili mawazo mara tano kabla hujapiga pindo, lakini mlinzi ukimpa shati lenye mifuko miwili, anashukuru na kwenda lindoni.

Mimi nakaa kwenye cherehani ya pili, karibu na dirisha. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na ambayo sikuyaona alinisimulia mwenyewe, pini zikiwa mdomoni.

Yote yalianza na mdogo wangu, shemeji yake, mtu mzima wa miaka thelathini, mhasibu asiye na kazi. Kila wiki alinunua gazeti lenye ukurasa wa nafasi za kazi, na kila wiki alikuta zinazomfaa zimeshafungwa. Asilolisema ni kwamba alinunua magazeti ya zamani kwa sababu yalikuwa rahisi. Akishanuna vya kutosha, alimwachia shemeji yake gazeti, naye akalitumia kukatia vielelezo vya nguo: kola, mkono wa shati, mguu wa suruali.

Asubuhi moja Mama Futi alikuwa akichora mkono wa shati juu ya gazeti, chaki ikasimama. Pale panapokuja kwapa palikuwa na tangazo la kampuni ya ulinzi. Walitafuta walinzi kumi na wanne, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa umepita kwa majuma matatu.

"Wifi," akaniuliza, "hawa watu kumi na wanne sasa hivi wako wapi?"

Nikamwambia wako kazini, watakuwa wapi tena.

"Wamevaa nini?"

Akavua kidole cha chuma cha kushonea, akachukua mkoba, akatoka na kuniacha na mkono wa shati usio na mwenzake. Aliwakuta uwanjani wakifundishwa kupiga saluti. Mmoja alivaa fulana ya tangazo la sabuni. Mwingine alivaa koti la baba yake, na kila aliponyanyua mkono kusaluti, vidole havikuonekana. Mkuu wao alikuwa akilalamika kwamba fundi waliyemzoea amewapiga kalenda mara mbili. Kabla ya saa sita mchana, Mama Futi alikuwa amepima vifua kumi na vinne.

Tangu hapo akawa na ugonjwa mpya. Gazeti la leo halikumhusu. Alikwenda kwa muuza magazeti na kuuliza kama ana la majuma mawili yaliyopita, na mwenye meza akamtazama kama anayeuliza mkate wa juzi. Mdogo wangu alipopata kazi ya utunzaji ghala, kwa kuunganishwa na rafiki yake, magazeti yake yakakoma, lakini alimwonyesha jinsi ya kusoma matangazo kwenye simu. Basi ukimwona wifi anatabasamu peke yake kwa simu, usidhani anachati. Ameona maneno "nafasi hii imefungwa."

Alikuwa na daftari la jalada jekundu ambalo hakuliacha mezani. Tangazo likifungwa kwa tarehe yake, alihesabu majuma matatu: moja la usaili, moja la barua, moja la kuripoti. Siku ya kwanza ya juma la nne alikuwa mlangoni. Tangazo likiondolewa kabla ya tarehe, hakwenda, alimpigia kwanza mlinzi wa getini. Mara nyingi jibu lilikuwa kwamba mpwa wa mkubwa amepatikana, na mpwa wa mkubwa huwa havai sare.

Halafu kulikuwa na hoteli moja iliyotafuta wapishi wanne, ikafunga, ikafungua tena baada ya mwezi, ikafunga, ikafungua. Mimi niliona bahati mbaya. Yeye aliona mpishi mkuu mwenye mdomo mchafu. Akawapelekea suruali za lastiki kiunoni, saizi ya katikati, zinazomfaa yeyote. "Hawa wanakimbia," alimwambia meneja wa hoteli kwa adabu zote, "lakini suruali itabaki." Meneja alinunua ishirini.

Sasa nije kwa Bwana Utaratibu. Huyu alikuwa meneja utumishi wa kiwanda cha magodoro. Jina hilo alipewa na wafanyakazi, kwa kuwa hata ukiomba ruhusa ya kwenda kumzika mkweo, alikuuliza utaratibu unasemaje. Kiwanda kilitangaza nafasi tisa za waendesha mashine, kikazifunga. Mama Futi akahesabu majuma yake, akashona ovaroli moja ya kijani, rangi ya kiwanda, akaipeleka siku ileile wale tisa waliporipoti.

Bwana Utaratibu aliitazama ovaroli, akamtazama yeye. "Nani amekuambia nimeajiri?"

"Wewe mwenyewe, bosi. Ulitangaza."

"Nilitangaza kwamba natafuta. Sikutangaza kwamba nimepata."

Wifi alitabasamu tu, akamwonyesha jinsi mishono ya magoti ilivyopigwa mara mbili. Kitambaa kilikuwa kizuri na wale tisa walikuwa wakisubiri nje na nguo za nyumbani, kwa hiyo Bwana Utaratibu aliagiza. Lakini moyo wake haukutulia. Aliamua kuna mtu ndani anayevujisha siri, na mtu wa karibu zaidi alikuwa karani wake, dada mmoja mpole aliyekaa nje ya mlango wake na kupiga chapa barua zote. Akampa barua ya onyo.

Habari hii Mama Futi aliipata getini alipopeleka mzigo. Alirudi amekunja uso. Kaka yangu, ambaye ni kinyozi na hupenda amani, alimwambia mambo ya ofisi za watu ayaache hukohuko. Alimwitikia vizuri tu, kama anavyomwitikia siku zote anapotaka kufanya kinyume.

Kabla hajafanya lolote, ubao wa getini ukatoa tangazo jipya: kiwanda kinahitaji madereva wanane. Baada ya siku kumi likabandikwa karatasi nyekundu, IMEFUNGWA. Wifi alilisoma mara mbili, akacheka hadi akakaa kwenye ukingo wa mtaro, maana aliuona mtego. Siku ya majuma matatu alikwenda mikono mitupu, hana hata uzi. Alimkuta Bwana Utaratibu mezani, mkuu wa walinzi amesimama karibu na kabati, na karani amekalishwa kwenye kiti cha ukutani kama mshtakiwa.

"Karibu, Mama," alisema Bwana Utaratibu. "Umekuja kuwapima madereva?"

"Nimekuja kuona watakachoendesha. Umetangaza madereva wanane, na hapo uani mna malori matatu, moja halina magurudumu. Hao waliobaki, bosi, wataendesha magodoro?"

Mkuu wa walinzi alikohoa kwa muda mrefu kuliko kikohozi cha kawaida. Mama Futi akatoa daftari jekundu, akalifungua penye kiwanda, akamwonyesha tangazo lake la waendesha mashine, tarehe ya kufungwa, na majuma yaliyohesabiwa kwa kalamu.

"Huyu dada hajaniambia hata neno," alisema. "Mwenye mdomo ni ubao wako."

Bwana Utaratibu alisoma ukurasa ule, akasoma na kurasa za wengine. Kisha akasema barua ya onyo haiwezi kuchanwa hivihivi, utaratibu hauruhusu. Inabidi iandikwe barua ya kufuta barua. Akamwamuru karani aiandike mwenyewe, nakala mbili.

Ikapita kama nusu mwaka. Siku moja wifi aliacha kukanyaga cherehani, akanisogezea gazeti. Kampuni isiyojitaja ilikuwa imetafuta meneja utumishi. Sifa zilikuwa za kawaida, isipokuwa mstari mmoja: mwombaji awe na utulivu wa akili katika mazingira ya sponji. Sanduku la posta lilikuwa la kiwanda cha magodoro. Nafasi ilikuwa imefungwa siku nne zilizopita.

Tulitazamana. Kiti cha Bwana Utaratibu kilikuwa kimetangazwa na mwenyewe akiwa bado amekikalia.

Nilimwambia hii ni dawa yake. Yeye alishona mifuko miwili. Alikuwa na ovaroli sita za kupeleka kiwandani kesho yake, na kwa kawaida huzifunga kwa karatasi ya kahawia. Safari hii alizifunga kwa gazeti. Alilikunja akalikunjua, hadi tangazo lile likakaa juu kabisa, chini ya fundo la kamba, mahali ambapo mtu hawezi kufungua bila kulisoma.

"Si ungemwambia tu?" nilimuuliza.

"Nikimwambia atauliza nani amenituma. Karatasi hamwezi kuihoji."

Kesho yake, mzigo ukiwa umeshafika, saa nane mchana simu yake ililia. Bwana Utaratibu alidhani amekejeliwa, akasema maneno makali, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama wifi ana hakika na lile sanduku la posta. Alikuwa na hakika. Tulisikia baadaye alivyofanya. Aliandika maombi ya kazi yake mwenyewe, akaambatanisha vyeti, akayapeleka kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alimwonyesha kifungu cha kanuni za kiwanda kisemacho kwamba maombi yatakayofika baada ya tarehe ya mwisho hayatapokelewa kwa sababu yoyote ile. Kifungu hicho alikitunga Bwana Utaratibu mwenyewe. Akaomba aondoke kwa barua yake mwenyewe na haki zake zote, akakubaliwa, na ikawa nafuu kuliko kuondolewa.

Mama Futi alihesabu majuma yake kama kawaida, akaenda kumsalimia meneja mpya akiwa na koti zuri la ofisini kama zawadi ya kufahamiana. Alikuwa amelikata saizi kubwa, mabega mapana, kwa kuwa akilini alishamchora bwana mmoja mnene. Akafungua mlango, akamkuta yule karani nyuma ya meza. Dada alikuwa akisoma chuo jioni kwa miaka mitatu, na maombi yake aliyatuma siku ya kwanza kabisa ya tangazo, maana tangazo lenyewe alilipiga chapa yeye.

Nimewahi kumwona wifi akichomwa na sindano, akikosea kukata, akigombana na kaka. Sijawahi kumwona amepigwa na butwaa namna ile. Alirudi na koti mkononi, akasema, "Na alikuwa amekaa pale ukutani, ananitazama." Ilimchukua siku mbili kuacha kulisema. Koti tulilipunguza, tukampelekea.

Bwana Utaratibu naye alikuja kwetu mwezi uliofuata, amenyoa ndevu, hajui akae wapi. Nilimpa kigoda. Hakusema amekuja kuomba msaada. Alisema alikuwa akipita. Mama Futi alimwacha apite kwa nusu saa nzima akiongelea hali ya hewa, kisha akafungua daftari. Kulikuwa na hospitali iliyotafuta ofisa tawala mara nne ndani ya mwaka mmoja.

"Hapo hakai mtu, bosi," alimwambia. "Wameshafunga, lakini watafungua tu. Nenda leo, wala usiangalie tarehe."

Aliumia kwenda mahali palipofungwa, ilionekana usoni. Lakini alikwenda, akachukuliwa, na akakaa. Wauguzi wanasema sasa hata bomba la sindano lina fomu yake.

Mwaka huu hospitali ilitaka sare mpya kwa idara zote. Wifi alidhani ataitwa kwa simu na kupewa kazi mkononi. Aliitwa kuja kupanga foleni. Mafundi wengine watatu walikuwa wameshatangulia kwenye benchi, kila mmoja na fomu ya kurasa sita. Bwana Utaratibu alipita mbele yake mara mbili akamsalimia kama anavyomsalimia kila mtu. Wifi alijaza zote, anwani, idadi ya cherehani, miaka ya uzoefu, hadi akafika swali la mwisho: umepataje habari za zabuni hii?

Aliuma kalamu. Kisha akaandika, "Kwa kusoma," akaipeleka dirishani.