Mariam Poni Arudi Midia kwa Miguu

Mariam Poni alitoka Maracha kabla ya mapambazuko, akaiacha barabara kuu na kushika njia ya mlimani. Ilikuwa Juni 1979. Vita vilikuwa vimefika, magari yametoweka, na barabarani mwenye bunduki ndiye aliyekuwa serikali. Alikuwa ametembea tangu Aru, ng'ambo ya mpaka wa Vurra, alikoishi na mumewe Nasur, fundi cherehani.

"Nikaangalie tu kama mzee yu hai," alimwambia Nasur, akamwacha mtoto kwa mama mkwe.

Mzee ni baba yake, Lomoro, mkulima wa tumbaku huko Midia, ambaye hakumpa radhi alipoolewa na Mwislamu. Mwaka 1976 Poni alimpelekea barua ya kuomba msamaha. Hakujibiwa. Akajua bado amekasirikiwa, akanyamaza.

Njia ilipanda kwenye mawe, ikashuka mabondeni, ikapanda tena. Jua lilipokuwa utosini visigino vilikuwa vimepasuka na muhogo wa kuchoma umekwisha. Alasiri akafika begani mwa mlima Liru, akauona moshi wa Midia. Penye chemchemi alimkuta Natale, jirani yao wa zamani, amejitwika kuni, mtungi mkononi.

"Mama Natale, habari za siku nyingi?"

Natale aligeuka. Kuni zikaanguka. Alimtazama Poni usoni, akamtazama miguuni, akapiga ukelele na kukimbia bondeni, mtungi wake kauacha pale pale.

Baba amekufa, Poni aliwaza. Akashuka mbio, akijikwaa.

Nyumbani hakuna aliyemlaki. Watoto walikimbilia ndani. Kando ya kaburi la mama yake palikuwa na kaburi jingine, na msalaba wa mbao. Jina lilikuwa limechomwa kwa chuma cha moto: PONI.

Lomoro akatoka ameshika jembe.

"Simama hapo! Wewe ni nani?"

"Ni mimi, baba. Poni."

"Poni nimemzika kwa mikono hii."

"Nishike basi, baba. Nishike!"

Mzee alisogea, akaugusa mkono wake. Ulikuwa na joto, umelowa jasho. Jembe likamtoka, akaketi chini.

"Lori lilipinduka karibu na Koboko," alisema. "Mwanamke mmoja uso wake haukutambulika. Alikuwa na mzigo wako. Na barua yako."

Hapo Poni akalia kwa sauti, akamsimulia. Siku ile ya 1976 yeye mwenyewe alipanda lori mjini Arua aje nyumbani, ameshika barua endapo baba angekataa kumsikiliza. Mimba ilikuwa changa, kichefuchefu kikamzidi, akateremka. Nafasi yake aliichukua msichana wa Mvara, kando ya mji, aitwaye Onzima, aliyepokea mzigo na barua huku akicheka. "Hapana ogopa, dada. Mimi itafikisha kwa mzee."

Habari za ajali hazikumfika kule Aru.

Jioni hiyo Poni hakuweza kula. Kila alipofumba macho aliona kiti kile cha lori. Lomoro hakula pia.

"Huyu niliyemzika ana mama," alisema. "Na mama yake hajui."

Walikaa siku nne, miguu ya Poni ikapona kidogo, kisha baba na binti wakarudi kwa njia ile ile ya mlimani hadi Mvara. Waliuliza nyumba kwa nyumba mpaka wakampata mama yake Onzima, akipepeta mtama. Miaka mitatu alikuwa akiamini binti yake ametoroshwa na mwanamume. Lomoro ndiye aliyesema, kwa Kiswahili chake cha sokoni, na hakuficha kitu.

Yule mama aliuweka ungo chini taratibu. Akauliza:

"Alizikwa na nani?"

"Na mimi," Lomoro alijibu. "Nililia yeye kama mtoto yangu."

Mama akaingia ndani, akatoka amejifunga nguo ya safari. "Twende," alisema. "Mimi nataka kuona kwanza, ndipo nitalia."