Kifumbu cha Bi Tuhfa Chaokoa Kijito cha Mwera

Saa moja asubuhi, kiwandani Mwera. Bi Tuhfa Bakar anazungusha mpini wa jeki ya lori, na kifumbu kinachomzidi kimo, mfuko wa kusukwa uliojaa taka za mkonge, kinaanza kukazika. Maji ya kijani yanachuruzika birikani, kisha yanarudi kwenye korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge. Hakuna tone liendalo kijitoni.

"Bi Tuhfa, hilo tui la kwanza au la pili?" anamtania mwenziwe.

"La kwanza. La pili nakuwekea wewe unywe!"

Mzaliwa huyu wa Pemba ameajiriwa hapa kwa miaka kumi na tisa. Shamba lake la mpunga liko bondeni, kijito kinapopita kikitoka kiwandani. Kwa muda mrefu taka za mkonge zilimwagwa humo.

"Nilivuna magunia manane. Yakawa mawili, kisha makapi matupu," anasema.

Mwaka juzi kampuni ilijiunga na mpango wa viwango vya hiari vya mazingira, ikaahidi kutokimwagia kijito taka. Hakuna aliyeilazimisha. Lakini mtambo wa kusafisha maji ulipoonekana ghali mno, meneja Hisham Marhun alikaribia kuiondoa kampuni katika ahadi hiyo.

"Nafsi ilinisuta," anasema Hisham. "Ahadi ya hiari ni nzito kuliko ya kulazimishwa. Nikawauliza wafanyakazi: nani ana njia nyingine?"

Bi Tuhfa akanyanyua kifumbu chake cha kukamulia nazi. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mhandisi Zabron hakucheka. Aliuliza kama chaweza kusukwa kikubwa.

Cha kwanza kilishonwa kwa gunia. Kilipokamuliwa kilipasuka, Zabron akalowa tangu utosini hadi nyayoni. Ndipo wanawake wakasuka kingine kwa kamba za mkonge, kwa mshazari kama ukili wa mkeka, kipate kunyumbuka. Na Zabron akabuni njia ya kukikaza kwa jeki ya lori.

Wakaguzi walipofika mwezi wa Rajabu, walikuta kijito kinapita kikiwa safi. Kiwanda kikafuzu, alhamdulillahi. Makapi yaliyokamuliwa sasa huozeshwa yawe mbolea, na viwanda viwili jirani vimeomba kufundishwa.

Bi Tuhfa atakwenda kuwafundisha, lakini baada ya kupanda. Mbegu ameshaagiza kwa nduguze Pemba.

"Shamba langu limelala miaka minne," anasema. "Masika haya, inshallah, naliamsha."