Tulipokwenda Kaole Kupunga Upepo

Katika maisha yetu mimi na marehemu mume wangu tulikwenda kupunga upepo mara moja tu, na siku ya kwanza ya safari hiyo iliharibiwa na watu watatu. Majina yao siyatii humu, kwa sababu watoto wao ni jirani zangu na wengine huja kwangu kuomba moto. Lakini nitawataja walivyo: mwenye punda wa mtaani kwetu Dunda, shemeji yangu, na wifi yangu. Wifi nimemweka mwisho kwa makusudi.

Ilikuwa miaka michache kabla ya vita vya Wadachi, wakati Bagamoyo bado imejaa wapagazi na pembe. Mume wangu alikuwa mshona kanzu, mtu wa kukaa barazani na sindano yake tangu asubuhi hadi alasiri. Mimi nilikuwa na mimba ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka, zote katika mwezi wa nne, na hii nayo ilikuwa imeingia mwezi wa nne. Mkunga alinishika tumbo, akamwita mume wangu uani, akamwambia mkewe asitwange, asiteke maji, asiinue hata chungu, na kama anaweza amtoe katika nyumba ile. Nyumba ile tulikaa pamoja na wifi, dada wa mume wangu aliyeachika, na kazi zote za jikoni zilikuwa juu yangu. Mtumwa hatukuwa naye. Mtumwa nilikuwa mimi.

Shemeji, kaka yao mkubwa, alikuwa na shamba ufukweni, ukishapita Kaole unaelekea Mapinga, na ndani yake kibanda. Akasema twende tukakae siku saba. Kibanda kimeezekwa upya, alisema, mtungi upo, kitanda kipo, kinu kipo, kazi yetu ni kula na kulala. Wifi naye akajitolea kutufungia chakula. Nilistaajabu kidogo, lakini wema ukikujia huukatai mlangoni.

Mwenye punda aliahidi kuja alfajiri, bahari ikiwa imetoka, tupite mchangani ambako punda hatikisi mtu. Akaja jua limekwisha panda. Alikuwa amepeleka kwanza mzigo wa mtu mwingine, na punda alikuwa ameloa jasho. Mume wangu akanipandisha, gunia la chakula upande mmoja, kikapu cha samaki na nazi upande wa pili, tukaondoka. Jua lilikuwa la kaskazi, limewaka hata mchanga unachoma kupitia makubadhi. Kwa macho ilikuwa siku nzuri sana. Bahari nyeupe, hakuna wingu hata moja. Mpaka Kaole nilikuwa naifurahia, sikatai.

Mbele ya Kaole kuna hori inayoingia kwenye mikoko. Tungewahi, tungevuka pakavu. Tulipofika maji yalikuwa yamejaa, na punda akasimama. Akavutwa, akasukumwa, akapigwa, akarudi nyuma. Mwenyewe akasema punda wake hajazoea maji ya chumvi. Mume wangu akamuuliza mbona jana ulituapia kwamba punda huyu hufika hata Mbweni. Akajibu kwamba hufika, ila siku ambazo hakuna maji. Akanishusha, akashusha gunia na mkeka, akasema kibanda kile kinaonekana, vukeni tu, maji ni ya magoti.

Maji yalikuwa ya kiuno. Mume wangu alivusha gunia kichwani, akarudi akanishika mkono. Katikati mguu wangu ukazama matopeni, nikakaa chini ndani ya maji mzima mzima, na kiuno kikashtuka. Tulipofika ng'ambo ndipo tulipokumbuka kwamba kikapu cha samaki bado kinaning'inia kwa punda. Tukapiga kelele. Mwenye punda akageuka, akatupungia mkono kwa adabu, akadhani tunamuaga, akaenda zake na kitoweo chetu.

Kibanda sasa. Makuti mapya yalikuwepo, nakiri, ila yalikuwa yamefungwa mafungu mafungu chini ya mnazi, hayajapandishwa. Upande mmoja wa paa ulikuwa wazi. Kitanda kilikuwa na miguu mitatu. Mtungi ulikuwa na ufa. Kinu kilikuwa kizima, ndani yake kuku wa mtu ametaga. Shemeji hakuwa amekanyaga pale tangu masika. Alisema aliyoyasema ili tuone ana shamba.

Nikaenda nyuma ya kibanda kubadili nguo zilizoloa, nikaona doa la damu. Dogo, kama ukucha. Zile mimba mbili za mwanzo zilianza hivyohivyo.

Nikarudi nikamwambia mume wangu. Alitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, akanilaza, akakunja kanzu moja akaniwekea chini ya nyonga. Akasema nisisimame tena siku ile hata nyumba ikiwaka moto. Kisha akaenda kutafuta maji, akayapata mbali kwenye kisima cha watu, akawasha moto baada ya taabu kubwa, akabandika chungu. Maji yakaanza kuchemka. Akafungua gunia atie mchele.

Ulikuwa mpunga.

Gunia zima, mpunga na maganda yake, haujaguswa na mchi. Watu husema labda wifi alikosea. Nawajibu hivi: nyumbani kwetu mchele ulikaa kwenye kapu karibu na mlango wa jiko, na mpunga ulikaa darini. Mtu hapandi ngazi mpaka darini kwa kukosea. Yeye mwenyewe alikuwa akisema, nami nikisikia, kwamba wenzangu walitwanga mpaka siku ya uchungu na watoto wakatoka wazima, na kwamba mimi ni mtu wa kudeka tu. Sasa alinipeleka mahali ambapo ama nitwange, ama tulale na njaa.

Nikajiinua kwa kiwiko. Mume wangu akaniambia lala. Alisimama akiliangalia lile gunia, akakiangalia kinu, akatazama njia kama kuna mtu. Wasomaji wa leo hawatajua jambo lile lilikuwa zito kiasi gani. Mwanamume wa mjini, mwenye kofia yake iliyotariziwa, kushika mchi ilikuwa kama kuvaa kanga atembee sokoni. Mtu alikuwa radhi apike kwa siri, lakini mchi haupigwi kwa siri, sauti yake hufika mbali.

Akayatoa mayai ya kuku, akayaweka pembeni vizuri, akafuta kinu kwa pindo la shuka, akaanza.

Hakujua kabisa. Alishika mchi kama anayetaka kutunga uzi. Alipiga ukingo wa kinu, mpunga ukaruka nje, akainama kuuokota punje punje. Mimi nikamfundisha nikiwa nimelala: uache mchi uanguke wenyewe, usiubane. Baada ya kitambo mikono yake ya sindano ikatoka malengelenge, akaifunga kitambaa akaendelea. Mimi nilipepeta kwa kawa ya kufunikia chakula, maana ungo hatukuwa nao, na hiyo ndiyo kazi niliyoruhusiwa.

Wakati huo wanawake wa upande wa Mapinga, waliotoka kutanda uduvi, vile vikamba vidogo, kwa nguo zao baharini, walikuwa wakipita kwenda kuuza Kaole. Walisikia mchi, wakachungulia, wakasimama. Kisha mmoja, mtu mzima mwenye beseni la mti kichwani, akanisemesha mimi, si yeye.

"Bibi, umemlisha nini huyo? Tupe na sisi tukawalishe wa kwetu."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mwingine akamwambia mume wangu akimaliza apite kwake, ana mtama. Yeye alizidi kupiga tu, jasho linamtoka, masikio yamemwiva. Mwanamke yule wa kwanza aliponitazama vizuri, akaona nilivyolala na kanzu chini ya nyonga, aliacha kucheka. Akatuachia gao la uduvi, kiasi cha konzi, kwenye jani. Ndiye aliyetuambia pia kwamba kuna njia ya juu yenye gogo la kuvukia ile hori, na kwamba wenye punda wote wanaijua. Lakini wenzake walikwisha tangulia, na maneno yao yalitangulia nao.

Tulikula alasiri. Wali ulikuwa chenga na maganda, na uduvi una mchanga. Tulikula wote.

Jua lilipoanza kulala na bahari kutoka, shemeji akaja mwenyewe kwa miguu, viatu mkononi. Habari zilikwisha fika Dunda. Mume wangu akampa shikamoo, akaitikia marahaba huku hamtazami. Alikitazama kinu. Hakusema juu ya paa lake wala mtungi wake. Alisema tufunge vitu turudi mjini sasa hivi, pwani imekauka, mke atatembea polepole. Mume wangu akamweleza habari ya damu. Shemeji akasema damu za wanawake hazimhusu, linalomhusu ni jina la nyumba.

Huyu kaka ndiye aliyemlea mume wangu baada ya baba yao kufa. Sikuwahi kumsikia mume wangu akimkatalia neno, hata dogo. Nami sikuwa na la kusema mbele ya wakubwa wawili. Nilijua tu kwamba mume wangu akisema twende, nitasimama na nitatembea, na nilijua kutembea kule kutanitoa nini.

"Mdogo wangu," shemeji akasema, "Kaole nzima inasema umelishwa limbwata."

Mume wangu alikuwa akifungua vile vitambaa mikononi. Alivifungua kwanza, akamaliza.

"Nimelishwa, kaka. Na kesho nitatwanga tena."

Shemeji akageuka akaenda. Hakutuaga. Mume wangu alisimama akimtazama mpaka akapotea kwenye mikoko, kisha akaniuliza kama nimeona damu nyingine. Nikamwambia tangu adhuhuri sijaona. Akasema Alhamdulillahi, akaenda kuyavuta yale makuti.

Tulikaa siku zote saba, na alitwanga kila siku. Mimba ilikaa. Mtoto alizaliwa mzima, mwanamke, na baba yake alimwona akikimbia kabla mizinga ya Wadachi haijamchukua. Limbwata hilo alilibeba mpaka kaburini, kila baraza alilokaa walimtania nalo, na shemeji hakuketi naye tena sahani moja. Wifi, ambaye wakati huo alikwisha hamia kwa kaka yake mkubwa, hakuja kwenye arobaini ya mtoto. Alimtuma mtu aje aangalie kama ana sura ya kwao.