Jogoo Aliyengoja Cheti Changu

Nakumbuka Jumamosi moja Kitale, mwanangu, nilitoka chumba cha mtihani dakika arobaini kabla ya wenzangu, nikanunua hindi la kuchoma, nikasimama juani nikilitafuna kwa maringo. Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kidogo, cyber, yaani vibanda vya intaneti, zikiota mjini kama uyoga, na mimi Nanjala, binti wa Misikhu, nilijiona nimeshaikamata dunia mkia.

Ulikuwa mtihani wa vitendo wa mitandao ya kompyuta. Hapakuwa na maswali ya kuchagua jibu. Unapewa meza, kompyuta mbili, rundo la waya na ruta tatu, yaani vile visanduku vinavyouonyesha ujumbe njia ya kupita. Unaunganisha, unaziandikia ruta maagizo, mpaka kompyuta ya huku izungumze na ya kule. Mimi nilizipa ruta zangu majina ya Kitale, Webuye na Bungoma, kwa kuwa hiyo ndiyo barabara niliyoijua, na kwetu Misikhu ni hapo katikati. Kitale ilipoita na Bungoma ikaitika, nikaacha kila kitu hapo hapo, nikatoka nje.

Basi nikampigia baba simu, nikamwambia amkamate yule jogoo mwekundu aliyeahidi kunichinjia nikipita. Baba hakuuliza mengi. Alimkamata, akamfunga mguu kwenye kigingi nje ya jikoni.

Hindi halijaisha, msimamizi akaniita. Bi. Njeri alikuwa mwanamke wa huko huko Trans-Nzoia, mpole lakini si wa kucheka ovyo. Aliniambia nije nione meza yangu. Kumbe kabla ya kusahihisha alikuwa amezima swichi ya ukutani, akahesabu hadi kumi, akawasha tena. Ruta zangu tatu zilikuwa zimeamka bila kujua lolote, hata yale majina niliyozipa. Kitale iliita na Bungoma ikanyamaza.

Nikueleze kosa langu. Ruta huyashika maagizo yako kwa muda tu. Usipoipa amri moja fupi ya kuyahifadhi, stima ikipotea nayo husahau yote. Amri hiyo nilikuwa naijua. Lakini mazoezi yangu yote niliyafanya kwenye cyber moja upande wa Kipsongo, hapo hapo Kitale, na mwenyewe, Baba Ciku, alichukia giza kuliko wezi. Alikuwa na betri kubwa chini ya meza na jenereta nyuma ya nyumba, na tangu nianze kufika pale sikuwahi kuona ruta yake imezimika. Wenzangu waliosomea mahali pa kupotea stima kila siku, mkono wao ulihifadhi bila kuambiwa. Mimi niliyejifunzia kwenye raha ndiye niliyeanguka. Na onyo kwamba meza itazimwa kabla ya kusahihishwa lilikuwa limeandikwa mstari wa mwisho wa karatasi ya mtihani, ila mtu wa haraka hafiki mstari wa mwisho. Mbio za sakafuni huishia ukingoni.

Bi. Njeri aliniambia mikono yangu ni mizuri, nirudi baada ya mwezi. Sikumsikia vizuri. Nilikuwa nawaza Bungoma. Hospitali moja ya huko ilikuwa inaweka mtandao wake wa kwanza, na mkuu wao alikuwa ameahidi kunipa kazi mwisho wa mwezi uliofuata, nikileta cheti. Nisipokileta, kuna kijana wa Eldoret alikuwa tayari. Ukihesabu siku, mtihani wa marudio ungefanyika siku mbili tu kabla ya mwisho huo. Nikianguka tena, kazi imekwenda.

Nilifika nyumbani jioni na uso mrefu. Jogoo aliponiona akawika, nikatamani ardhi ipasuke. Nikamwambia baba kwamba stima ndiyo iliyoniangusha. Nililaumu stima, nikamlaumu Bi. Njeri, nikalaumu hata swichi ya ukutani.

Baba yangu, Mzee Wekesa, alikuwa amestaafu kazi ya laini za simu. Miaka yake yote alipanda nguzo kati ya Webuye na Bungoma akiunga waya zilizokatika. Nakiri kwa aibu kwamba nilimwona mtu wa ngazi na koleo, asiye na la kunifunza kuhusu kompyuta. Alinisikiliza mpaka nikamaliza kulia, kisha akauliza jambo moja.

"Sasa wewe mwenyewe ulizima kwanza, kabla huyo mama azime?"

Nikasema hapana, ningezimaje kitu kinachofanya kazi?

"Mimi nikifunga waya juu ya nguzo, nilikuwa naivuta na uzito yangu yote," akasema. "Kama ni kukatika, wacha ikatikie kwa mkono yangu, nikiwa bado huko juu. Si kesho, mvua inanyesha, na mimi nishafika nyumbani nakunywa chai. Wewe ulifunga, ukashuka, ukanunua mahindi. Hiyo si ufundi, Nanjala. Hiyo ni bahati."

Neno hilo liliniuma kuliko kuanguka kwenyewe. Halafu akatoka nje, akamfungua jogoo kamba, akamwambia kwamba amepewa mwezi mmoja.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Jumatatu nilirudi Kitale kumwomba Baba Ciku ruta mbili kuukuu na kompyuta mbili za zamani alizokuwa amezitupa chini ya kaunta. Alinipa, akasema nikiziharibu hatalia. Kwetu tulikaa karibu na soko na stima ilikuwa imefika, kwa hiyo nikazipanga mezani sebuleni, kando ya thermos ya chai.

Lo, mwezi ule! Jogoo alinikurupusha alfajiri, nami nikaanza kazi. Na baba, mzee niliyedhani hana la kunifunza, akajifanya adui wa stima. Nikienda kuchota maji, nikirudi nakuta plagi imechomolewa, yeye ameketi anasoma gazeti la wiki jana. Nikiinama kuokota waya, keshachomoa. Siku moja alichomoa tukiwa katikati ya sala ya chakula, akaitikia amina kabla sijafumbua macho. Mwanzoni nililia kwa hasira. Wiki ya pili nikaanza kumshinda. Alikuwa akichomoa, akirudisha, tunatazama pamoja taa ndogo za kijani zikirudi moja moja, na Kitale inaita, na Bungoma inaitika. Mzee alikuwa akipiga goti lake kwa kofi na kuniambia nifute, nianze upya. Tulicheka sana mwezi ule. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, na nilikuwa bado sina cheti.

Siku ya marudio, jambo la kwanza nilisoma mstari wa mwisho. Kisha nikaanza kufanya kazi polepole. Dakika ishirini kabla ya muda kwisha, Kitale na Bungoma zilikuwa zinazungumza. Jirani yangu alishamaliza na kutoka. Nikainua mkono, nikamuuliza Bi. Njeri kama naruhusiwa kuzima meza yangu mwenyewe. Akanitazama, akasema meza ni yangu.

Nikaweka kidole kwenye swichi, mwanangu. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, na mimi ndimi nakiua. Nikazima. Nikahesabu hadi kumi, kwa Kibukusu, ili nisiharakishe. Nikawasha.

Kitale ikarudi. Bungoma ikarudi. Webuye ikaamka tupu.

Nilikuwa nimeisahau ya katikati. Nyumbani nilikuwa na ruta mbili, mkono ukazoea mara mbili, na ya tatu ukairuka. Jasho likanitoka, lakini pamoja na jasho ikaja furaha ya ajabu, kwa sababu waya ulikuwa umekatikia mkononi mwangu, nikiwa bado juu ya nguzo. Nikaiandikia Webuye maagizo yake upya, nikahifadhi, nikazima, nikahesabu, nikawasha. Zote tatu. Nikazima tena, kwa raha tu. Bi. Njeri alipofika na kuzima swichi yeye, nilikuwa nimekunja mikono, natabasamu kama mtu anayetazama mtoto wake akitembea. Aliwasha, akapima, akatia sahihi karatasi yangu. Halafu akacheka.

Safari hii sikupiga simu. Nilimpelekea baba karatasi mkononi. Aliisoma mpaka mstari wa mwisho, akaenda nje, na yule jogoo hakuwika tena.

Sasa ujue, kwetu firigisi ya kuku ina mwenyewe. Ni ya mwenye boma, au ya mgeni mkubwa wa kiume akija. Mabinti tulikula tulichopewa, na firigisi tulikuwa tukiiona kwa macho tu. Mama alipoleta ugali na nyama, aliiweka mbele ya baba kama kawaida. Baba akaichukua, akaiweka kwenye sahani yangu. Kaka zangu wakaacha kutafuna. Mmoja akaanza kusema kwamba ati si desturi.

"Hii ni ya fundi," baba akasema. "Kula, Nanjala."

Nikaila nikilia, na Jumatatu nikaripoti Bungoma.

Nimesikia na wewe karatasi ya mtihani imekukataa, ndiyo maana nakuandikia. Nasaha yangu ni hii. Usione haya kurudia, kwani anayerudi huenda akijua shimo liko wapi. Soma mstari wa mwisho. Wakubwa wako wasikilize hata kama kazi yao imepitwa na wakati, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Na kila unachokijenga, kivute wewe kwanza kwa uzito wako wote, kabla dunia haijakivuta.

Mungu akutulize mikono, mwanangu, na kila utakachofunga kishike. Siku ya kupita, usinipigie simu. Njoo na karatasi yenyewe, tuisome pamoja. Jogoo yuko hapa nje, na firigisi mimi nilishaila yangu.