Mwita Mbwa Mwitu

Kila asubuhi mwita mbwa mwitu wa kijiji hunywa maziwa moto yenye asali, hukinga viganja mdomoni, kisha hutoa mlio mrefu kama wa mbwa mwitu uani kwake hadi mbwa wa majirani wamwitikie.

"Umenitishia kuku tena, mzee," hulalamika jirani yake, Yadviga.

"Kuku wamenizoea, mama. Umebaki wewe."

Juzi Lesya, karani wa misitu, alikwenda na mzee msituni kuhesabu mbwa mwitu: wasipojibu, msitu watapewa wakata miti. Mzee aliita mara mbili, kimya. Mara ya tatu sauti ikampasuka kama ya jogoo mchanga, na ng'ambo ya kinamasi wakaitikia wanne, kwa majonzi makubwa. Lesya aliandika idadi yao.

"Umewaambia nini, babu?"

"Sijui, binti. Baba alinifundisha mlio tu. Maana yake hata yeye hakuijua."