Mlango Umefungwa, Lakini Nani Yumo Ndani?

Saa nne asubuhi, foleni ya wagonjwa imeshapinda kona ya korido, na Bi Kufuli anazima mtandao wa hospitali nzima.

Jina hilo alipewa na manesi, kwa ukali wake kuhusu nywila, yale maneno ya siri ya kufungulia kompyuta. Yeye na mwenzake mmoja tu wanalinda kompyuta zaidi ya mia tatu zenye mafaili ya wagonjwa. Leo balaa limetoka kusikotarajiwa: programu yenyewe inayozuia wezi wa mtandaoni imegundulika ina tundu, na watengenezaji wake wameonya kwamba wezi wameshaanza kulipitia.

"Huyu ndiye mlinzi wetu wa getini," anasema. "Kumbe funguo zake huchongwa na kila anayetaka."

Mganga mkuu anashuka mwenyewe kumwomba asubiri jioni, foleni ipungue. Bi Kufuli anamsikiliza kwa heshima zote, kisha anamwambia mwizi hana saa za kazi. Mganga anaguna na kurudi juu kuwatuliza watu.

Kwenye foleni hiyo yumo mama mzazi wa Bi Kufuli, anayesubiri majibu ya uvimbe wa titi. Majibu yamo ndani ya kompyuta zilizozimwa na bintiye.

Mwandishi wa makala haya alidhani kazi ingeisha kiraka cha programu kilipopatikana na kuwekwa. Wapi! Ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Kiraka huziba tundu, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Wengi hukosea hapo: wanaziba, wanapongezana, na mwizi amejilaza uvunguni.

Kwa hiyo Bi Kufuli anakagua akaunti moja moja, akipiga simu kila idara kuuliza kama inamjua mwenye akaunti. Anakuta moja isiyo na mwenyewe, iliyofunguliwa jana, yenye mamlaka sawa na yake. Anaifunga, anafuatilia ilikopita, anashukuru kuona haijagusa mafaili, kisha anaanza kubadilisha nywila zote.

Mwenzake, kwa huruma, anapendekeza wafungue faili la mama peke yake. Ni vigumu kutotamani akubali.

"Nikimfungulia mama kabla sijamaliza, nimemfungulia na mwizi," anajibu bila kugeuka. Machozi yanamlengalenga.

Mtandao unarudi alasiri. Anapopata nafasi ya kupanda juu, mama ameshaitwa, ameshasikia peke yake: ni saratani, imewahiwa, na matibabu yanaanza wiki ijayo.

Binti anaomba radhi. Mama anacheka kidogo.

"Ungekuwepo ungelia, mwanangu, halafu nianze kukubembeleza wewe."

Tangu siku hiyo anamfundisha mwenzake kila hatua, hata zile alizokuwa akizifanya kwa mazoea tu. Ruhusa ya kuwa na mama wakati wa matibabu ameshaomba, na simu ya dharura atamwachia yeye.

"Matundu hayaishi, litatokea jingine," anasema. "Likitokea wiki ijayo, azime mwenzangu. Mimi nitakuwa nimemshika mama mkono."